Bibi Ulamila Seruvatu: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kulaza Laptopu Kifudifudi

Watu wengi hapa Savusavu hawajui, lakini Karakana ya Vifaa vya Shule za Visiwani inasimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, Sekove Tuinasau, mtunza stoo na dereva. Bila ufunguo wangu hakuna skrubu inayotoka rafuni. Bila usukani wangu hakuna kompyuta inayofika gatini. Mkubwa mmoja kutoka Suva aliwahi kunishika mkono dakika nzima akidhani mimi ndiye meneja, nami sikumsahihisha, kwa kuwa hakuwa mbali sana na ukweli.

Ndiyo maana meneja wetu, Bwana Goundar, alipotaka mtu wa kuandika wasifu wa mstaafu kwa ajili ya sherehe hii, hakuhangaika kutafuta.

"Mjomba Sekove, andika wewe," alisema. "Ukurasa mmoja. Mmoja tu, Mjomba, nakuomba."

Nimempelekea kurasa kumi na tisa za mkono wangu. Alilalamika kwamba herufi zangu ni kubwa mno, kila ukurasa una mistari saba. Nilimjibu kwamba mwenye mawazo makubwa huandika herufi kubwa. Aliguna, akampa karani achape.

Basi, Bibi Ulamila Seruvatu, fundi mkuu wetu, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia karakana hii miaka thelathini na mmoja. Alikuja mwaka 1994, wakati kazi yetu ilikuwa kutengeneza taipureta za walimu wakuu na kengele za shule. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye, na hapo ndipo karakana ilipoanza kujulikana.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mwaka 1998, ilikuja ndani ya sanduku la mbao ambamo ungeweza kumlaza ng'ombe na ndama wake. Wanaume wanne walilizunguka kama watu waliookota bomu la vita. Mmoja alisema isiguswe mpaka mchungaji aje. Bibi Ulamila akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, akachungulia ndani, kisha akasema, "Kumbe ni vumbi tu, na ubao." Siku ile ile mashine ikawaka. Nani alimshikia tochi? Mimi. Na fundi yeyote atakwambia kwamba tochi ni nusu ya kazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenyeji mnalijua, ila kuna wageni wetu kutoka ng'ambo ambao huenda wakashangaa kwa nini mama huyu mwenye heshima zake ananitukana hadharani kila asubuhi. Yeye ni wa Waidogo, mimi ni wa Korovatu. Vijiji vyetu ni watani tangu mababu, mizimu yetu ilitoka tumbo moja. Na utani wetu si wa mdomo tu. Mtani akiingia kwako akamwona kuku, anachinja. Akiona koti zuri, anavaa na kuondoka nalo. Wewe unacheka. Anayenuna ndiye aliyeshindwa.

Kwa sheria hiyo, Bibi Ulamila amenivulia viatu nikiwa nimesinzia kanisani, nikarudi nyumbani peku mbele ya mke wangu na shemeji zangu. Kwa sheria hiyo hiyo mimi nimekula chakula chake cha mchana mara zisizo na idadi, samaki wa tui na mihogo, nikamwachia jiwe kwenye bakuli ili lisiwe jepesi. Siku niliyopewa cheti cha miaka ishirini ya kazi, wageni wote wakiwa wamesimama, yeye alipiga makofi kwa sauti akasema, "Mtani, hongera! Miaka ishirini, na bado hatujajua unafanya nini!" Nilicheka. Nilicheka mpaka nikafika nyumbani, ndipo nikaacha kucheka.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo iliyompa jina kutoka hapa mpaka visiwa vya Lau.

Laptopu ikichoka, ikawa inafungua barua kwa muda wa kupika wali, mwenye nayo humkimbilia fundi na kusema, "Niongezee memori." Mafundi wengi huongeza hapo hapo. Bibi Ulamila hapana. Yeye kwanza anailaza mashine kifudifudi mezani, juu ya kitambaa cha kijani, kama mtoto anayekaguliwa mgongo. Anasoma namba ya aina yake kule nyuma, yote mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu kuna mashine zinazofanana kama pacha na tofauti iko kwenye herufi hiyo moja. Anaiandika daftarini. Kisha anafungua kifuniko na kuhesabu nafasi za vibao vya memori, ni ngapi, na ngapi zimekaliwa. Kisha anaiuliza mashine yenyewe. Kuna maneno ya kuiandikia, nayo inajibu kwa tarakimu ndefu kama namba ya simu ya ng'ambo. Ukiigawanya kwa elfu moja na ishirini na nne, halafu ukaigawanya tena hivyo hivyo, unapata giga inazosema inaweza kubeba.

Lakini hapo haishii. "Mashine nayo hutia chumvi," husema, "tena kama mtu wa Korovatu." Kwa hiyo anakwenda kwenye kitabu cha mtengenezaji, anatafuta ile namba ya mgongoni, anasoma kikomo chake, mashine nzima inabeba giga ngapi na kila nafasi inabeba ngapi. Majibu yakikubaliana, ndipo anatoa kibao kwenye mfuko wake. Yasipokubaliana, anaamini kitabu.

Wateja walimwona mchelewaji. Walibadilika mmoja mmoja. Mchungaji wa Nabuka alileta laptopu yake pamoja na kibao kipya alichokwisha kukinunua Suva na kukiombea. Bibi akaifungua, akamwonyesha kwamba memori ya mashine ile imeungwa kwenye ubao kama kucha na kidole, hakuna nafasi hata moja. "Baba Mchungaji," alisema kwa unyenyekevu, "hii haiongezeki, hata kwa kufunga siku arobaini." Mganga wa zahanati naye alikuwa na mashine ambayo mwili wake unabeba giga nane vizuri, ila mfumo ulio ndani ni wa zamani, hauoni zaidi ya nne. Bibi alimwambia kumwongezea ni sawa na kumpakulia kipofu sahani ya pili bila kumwambia ipo. Abadilishe mfumo kwanza.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo. Alinitazama kama anatazama skrubu iliyokufa kichwa.

"Mtani, ukienda kijiji cha watu, unaingia tu?"

"La, nabeba mzizi wa yaqona, nakwenda kwa wenye kijiji, naukabidhi, naomba ruhusa."

"Ukishapewa ruhusa ndipo unaweka mzigo wako chini?"

"Ndiyo."

"Basi na mashine ina wenyewe. Uliza kwanza kama mzigo wako unapokelewa."

Neno hilo lilikaa ukutani kwetu miaka mingi. Na sasa nitawasimulia kisa cha Nukuvesi, ambacho watu wa redio walikisimulia nusunusu bila kutaja jina langu, kosa ambalo nimewasamehe.

Ilikuwa mwaka 2019. Shule ya Nukuvesi, kisiwa ambacho meli inafika mara moja kwa mwezi bahari ikitaka, ilipata laptopu kumi na nne zilizotumika kutoka kwa wafadhili. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na yake. Kazi zao za mtihani zilitakiwa ziandikwe na kutumwa kwa kompyuta, na zilikuwa zimebaki wiki tatu. Asiyetuma atarudia mwaka, na watoto wa visiwani wakirudi nyumbani kungoja mwaka, wengi hawarudi tena shuleni. Lakini zile laptopu zilikuwa na giga mbili tu. Programu ya mtihani ikifunguliwa, zinaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Kelera, alipanda kilima penye mtandao akapiga simu. Bibi Ulamila akamfundisha kazi kwa sauti tu, siku mbili nzima. Mimi nilikuwa stoo, nasikia.

"Ilaze kifudifudi, mwalimu."

"Imelala, Bibi."

"Nisomee mgongo."

"Bibi, upepo unanipeperushia karatasi!"

"Kalia karatasi, nisomee mgongo."

Mashine zote kumi na nne zikasomwa, zikafunguliwa, zikaulizwa. Kitabu kikatazamwa. Jibu likawa moja: nafasi mbili, kila nafasi mwisho wake giga nne, jumla nane, na zaidi ya hapo mashine haiwaki kabisa. Bibi akatafuta vibao ishirini na vinane vya giga nne, akavifunga kimoja kimoja kwenye mifuko yake ya kijivu, akavipanga ndani ya kopo la biskuti, akaweka barua ya maelekezo, akaandika jina la shule kwenye plasta na kulibandika kifunikoni. Akaniletea stoo nilipeleke melini Alhamisi.

Sasa, rafuni mle mle palikuwa na kopo jingine la biskuti, la aina ile ile, nalo na plasta yake, lenye vibao vya giga nane, vya shule moja ya hapa mjini yenye mashine mpya. Nikasimama nikayatazama makopo yale mawili, na moyo wangu, ambao umekuwa mpana tangu utoto, ukaniuma. Watoto wa mjini nane, watoto wa kisiwani nne? Haki iko wapi? Nikajua pia kwamba mtani wangu akigundua nimeyageuza, atacheka mpaka azimie. Basi nikachukua lile la nane, nikalipeleka gatini, nikamkabidhi karani wa meli kwa mkono wangu. Saa sita meli ikaondoka.

Jioni tukakaa kwenye bakuli la yaqona, kinywaji cha mzizi ule uliosagwa, kama kawaida ya Alhamisi. Bwana Goundar alikuwepo, mafundi wote walikuwepo. Kifuu cha kunywea kilipofika kwangu nikakinywa, nikapiga makofi matatu, nikasema, "Mtani, leo nimekutania utani wa karne. Watoto wa Nukuvesi nimewapelekea giga nane nane!"

Wengine walicheka. Bibi Ulamila alikuwa ndiyo kwanza amepokea kifuu chake. Akakirudisha chini kikiwa kimejaa. Kwa wasiojua, hilo halifanywi, kifuu ulichopokea unakinywa. Mimi katika maisha yangu nimeona tufani tatu, na moja iliniinua na bati la nyumba mpaka shamba la jirani, lakini zote sikuziogopa kama kifuu kile kilichojaa.

"Za nne ziko wapi?" aliuliza.

"Stoo. Lakini mtani, si utani? Unanuna?"

"Sinuni," alisema. "Mimi ni mtani wako, nitacheka. Mashine si mtani wako, Sekove. Wala wale watoto kumi na wanne si watani wako. Vibao vile vikiingia, mashine zitalia mara tatu na kuwa giza, zote. Na meli nyingine ni mwezi ujao."

Bwana Goundar akashika kichwa. "Meli inalala wapi?"

"Taveuni," nilisema, kwa kuwa ratiba za meli nazijua kuliko manahodha. "Kesho inapakia magimbi mpaka adhuhuri."

"Basi kesho alfajiri unaendesha," alisema Bibi.

Nikaendesha. Barabara ya kwenda Natuvu, kwenye kivuko cha Taveuni, mnaijua, ina mashimo ambamo bata wanalea watoto. Safari ya saa mbili na nusu niliimaliza kwa muda ambao Bwana Goundar ameniomba nisiuandike kwa sababu ya bima. Bibi Ulamila alilipakata lile kopo la giga nne mapajani njia nzima, na mzizi wa yaqona uliofungwa kwenye gazeti ukiwa chini ya miguu yake. Mara moja tu, tulipokaribia ukingo wa bonde na gari likaning'inia kidogo, alisema, "Mtani, mwendo wa giga nne unatosha, usitupeleke kwa wa nane."

Tulipofika, kivuko cha asubuhi kilikuwa kimeshaondoka. Palikuwa na boti moja tu ya fiba, na mwenyewe, Mzee Inoke, alikuwa amekaa juu yake ameshika tama.

"Tuvushe, mzee wetu," Bibi alimwomba.

"Siwezi, mama. Kesho ni karamu ya siku ya mia tangu mama yangu afariki. Ukoo wote unakuja, na nguruwe wangu amekata kamba jana kaingia msituni. Nikivuka sasa, nani atanitafutia nguruwe? Niwalaze wageni na mihogo mitupu?"

Bibi Ulamila akamgeukia Mzee Inoke kwa upole kabisa. "Nguruwe yupo. Yuko Savusavu, nyuma ya nyumba ya huyu bwana. Anaitwa Mkurugenzi."

Ndugu msomaji, Mkurugenzi hakuwa nguruwe wa kawaida. Nilimlea miaka miwili. Watalii walikuja kupiga naye picha. Alipolala, choo cha jirani kilitikisika. Nilikuwa namweka kwa ajili ya mkutano mkubwa wa kanisa, ili watu wa wilaya saba waseme, "Huyu ni wa nani?" na waambiwe, "Wa Sekove."

"Mtani!" nikasema. "Si Mkurugenzi!"

"Ulichofanya jana ni utani au si utani?"

"Ni utani."

"Na hiki ni utani. Cheka."

Nikacheka. Mzee Inoke akanitazama usoni, akanipa pole, kisha akavuta kamba ya mashine, ikaunguruma.

Mlango ule wa bahari siku ile ulikuwa na mawimbi ambayo ukiwa chini yake huoni juu. Maji yakatuingilia kila upande. Bibi alivua koti lake la mvua akalifunga kopo, yeye akalowa kama mwani. Mimi nilikaa mbele kuwaongoza, kwa sababu macho yangu ni mashuhuri. Mimi huona meli kabla haijaamua kuja. Na kweli, kabla Mzee Inoke hajaona kitu, nilisema, "Ile pale gatini, wanainua ngazi!"

Tulipofika, magimbi yalikuwa yamekwisha kupakiwa mapema, na mlango wa meli ulikuwa umeinuliwa nusu. Mimi nikapiga kelele, "Rukeni! Ingieni!" Bibi Ulamila hakuruka. Akasimama pale gatini amelowa, akashika ule mzizi wa yaqona kwa mikono miwili, akamwita nahodha kwa cheo chake, akaomba ruhusa ya kuingia melini mwake kama anavyoomba mtu aliyefika kijiji cha watu. Muda unakwisha, injini inanguruma, yeye anaomba ruhusa! Nilitaka kulia. Lakini nahodha, ambaye alikuwa amefungua kinywa atufukuze, alikifunga. Akashuka, akapokea mzizi kwa mikono miwili, akapiga makofi ya kupokea.

"Mama, meli ni yako. Unatafuta nini?"

"Kopo la biskuti."

Karani wa meli akacheka mpaka akashika ukuta. Meli ile ilikuwa imebeba makopo ya biskuti mia mbili na kumi ya maduka ya visiwani, ya aina ile ile, na mabaharia walikuwa wameyapanga yote pamoja.

Wakashuka chini wote, nahodha, karani, mabaharia wawili, Bibi, hata Mzee Inoke, kusoma kopo moja moja wakitafuta lenye plasta. Mimi nilijipa kazi nzito zaidi, ya kubaki juu kulinda gati. Baada ya nusu saa nikasikia Bibi akisema, "Hili!" Baharia mmoja alikuwa amelikalia tangu jana akinywa uji.

Makopo yakabadilishwa. Meli ikaondoka. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Kelera akapiga simu kutoka kilimani, na safari hii hakukuwa na upepo, tulimsikia wote kupitia spika. "Bibi! Zote kumi na nne! Zinasoma nane! Zinakwenda mbio!" Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele kama timu yao imeshinda raga. Kazi zote kumi na nne zilitumwa siku mbili kabla ya mwisho. Leo wawili kati yao ni walimu, mmoja ni muuguzi katika hospitali ya Labasa, na mmoja yuko hapa hapa kwetu, ndiye karani anayechapa maneno haya. Sikumwambia aandike hivyo, lakini ninyi mwoneni anavyotabasamu pale mlangoni.

Mkurugenzi alichinjwa Jumamosi. Mimi nilialikwa. Nilikula kwa majonzi, sahani nne.

Tangu mwaka ule Bibi Ulamila alibadilika kidogo. Alianza kuandika herufi kubwa. Kila kopo, kila rafu, kila ukurasa wa daftari, namba zikawa kama za mgongoni mwa jezi. Daftari lililokuwa linatosha mwaka likawa linaisha kwa miezi miwili. Bwana Goundar aliuliza kuhusu matumizi ya kalamu nene. Bibi alijibu kwamba uzee umemwingia, anapenda kuona vizuri. Mimi nilimtania miaka sita kwa hilo. Nilimwita mchora mabango. Alicheka tu.

Shule arobaini na moja zimepita mezani kwake. Katika miaka yote hiyo, hakuna kibao cha memori alichokichagua yeye kilichorudishwa kwa kukataliwa na mashine. Hata kimoja. Mafundi wanne aliowafundisha sasa wana karakana zao, na wote, nimewaona kwa macho yangu, wanailaza mashine kifudifudi kabla ya kuuliza jina la mteja.

Jumatatu kitambaa cha kijani na daftari la namba vinakuja kwangu mpaka fundi mkuu mpya apatikane. Ni Bibi mwenyewe aliyependekeza. Bwana Goundar alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akajibu, "Mtani atauliza kwanza. Safari hii atauliza."

Bibi Ulamila, kwa niaba ya karakana, walimu, na watoto ambao hawajui hata jina lako lakini mashine zao zinawaka, tunakushukuru. Nenda Waidogo ukapumzike. Magimbi yako yanenepe, wajukuu wako wakuheshimu, paa lako lishinde kila tufani, na mtani yeyote akija kuchinja kuku wako, awe ni mimi. Siku ulizobaki nazo na ziwe na nafasi kubwa kuliko mzigo wake.

Nimebakiza neno moja, na nimeliweka mwisho ili wenye haraka ya chakula wawe wameshanyanyuka.

Siku ile kwenye boti, tukirudi kutoka Taveuni, Bibi Ulamila alinisogezea lile kopo la giga nane, akaniambia, "Nisomee plasta, mtani." Nilisema jua linaniingia machoni. Palikuwa na mawingu. Alinitazama, kisha akatazama maji mpaka tukafika, na hajawahi kumwambia mtu.

Sikuyageuza makopo yale kwa ajili ya haki, wala kwa utani. Yalikuwa mawili, maandishi yalikuwa madogo, na maandishi madogo siyaoni. Nilichukua kopo lisilo la Nukuvesi, nikagundua niliporudi stoo kutoka gatini, meli imeshaondoka, mke wa karani wa duka la jirani aliponisomea lile lililobaki. Niliona aibu kusema nahitaji miwani, nikaona heri kuitwa mtani mjinga.

Miwani ninayo tangu jana. Ninyi mtakaoniona nayo Jumatatu, chekeni siku moja tu.